Kiti cha gari kwa mtoto mwenye kifafa: atazame mbele au nyuma?

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Binti yetu ana miezi tisa, na alianza kushikwa na kifafa akiwa na miezi minne. Kinapomshika mwili hukakamaa, macho huvutwa upande mmoja, midomo wakati mwingine hubadilika rangi, na baada ya dakika moja au mbili hulegea na kulala usingizi mzito ambao si rahisi kumwamsha. Anatumia dawa mbili kila siku, na daktari wake anaridhika na maendeleo yake kwa kuwa sasa kinamshika mara chache kwa wiki, wakati zamani hakikupita siku bila kumshika. Misuli yake bado ni milegevu. Akilazwa kifudifudi huinua kichwa, lakini hajaweza kukaa bila kushikwa, na akichoka kichwa chake huanguka mbele.

Kinachotusumbua ni kiti cha gari. Kile tulichokuwa nacho tangu alipozaliwa, chenye mkono wa kubebea, kimekuwa kidogo, maana utosi wake unakaribia kufika ukingo wa juu. Tulipoanza kutafuta kingine tulijikuta tunabishana. Mume wangu, ambaye mara nyingi humpeleka kliniki wakiwa wawili tu, anataka mtoto ageuzwe atazame mbele ili aweze kumwona kwenye kioo kifafa kikimshika, kwa sababu sasa anaendesha gari bila kujua kinachoendelea nyuma yake. Mama mkwe wangu anaona kwamba mtoto mgonjwa hafai kufungwa mikanda, na kwamba ni salama zaidi mimi nimpakate. Dukani, muuzaji alitushauri tununue ukanda laini wa kuzungushwa kwenye paji la uso ili kichwa kishikamane na egemeo kisianguke. Wifi yangu naye ametupa kiti alichomtumia mwanawe, lakini hatuna kitabu chake cha maelekezo.

Naomba unisaidie kujua ni kiti cha namna gani kinachomfaa mtoto kama huyu, na kama upo ukweli katika hoja ya mume wangu. Mimi mwenyewe siku hizi natamani tusisafiri kabisa, lakini kliniki hatuwezi kuiacha.

Mama wa binti wa miezi tisa


JIBU

Mpendwa Mama,

Pole kwa kipindi kigumu mnachopitia, na nashukuru kwamba umeeleza hali ya mtoto kwa undani, kwa sababu jibu linategemea sana maelezo hayo. Nianze na lile unaloweza kulifanyia kazi mara moja: binti yako aendelee kutazama nyuma ya gari, katika kiti kikubwa zaidi kilichotengenezwa kumbeba mtoto wa kilo nyingi zaidi akiwa bado ametazama nyuma, chenye ngazi kadhaa za kulazwa, na kiti hicho kijaribiwe akiwa ndani yake kabla hakijalipiwa. Asipakatwe, wala kichwa chake kisifungwe kwa ukanda wowote.

Wazazi wengi wanaochagua kiti kwa ajili ya mtoto mwenye kifafa hufikiria zile dakika za kukakamaa, na wanauliza kama kiti kitastahimili, kama mikanda itamuumiza, kama anaweza kuchomoka. Dakika hizo zinatisha, lakini kiti chochote kilichopitishwa kisheria na kufungwa sawasawa kinazimudu, kwa kuwa mikanda iliyotengenezwa kumzuia mtoto wakati wa ajali haishindwi na nguvu ya misuli yake. Mimi ningekuomba uchague kiti kwa kufikiria ule usingizi mzito unaofuata. Mtoto wa umri huu ana kichwa kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake, kisogo kilichotokeza ambacho husukuma kidevu kuelekea kifuani, na koromeo jembamba na laini. Akikaa wima kupita kiasi huku shingo haina nguvu, kidevu huzama kifuani na njia ya hewa hukunjika, na yote hayo hutokea kimya kimya, bila kilio wala kutapatapa. Mtoto mwenye afya hujinyoosha au huamka akakosa raha, lakini mtoto aliyetoka kushikwa na kifafa muda mfupi uliopita hana uwezo huo. Kama dawa zake ni za aina inayoongeza usingizi na ulegevu, kama vile fenobabitali, au kama amepewa dawa ya dharura ya kukatiza kifafa, hatari hiyo huwa kubwa zaidi, kwa sababu dawa hizo zinaweza pia kupunguza kasi ya kupumua.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuangalia katika kiti ni mlalo wake. Kiti kinachotazama nyuma kwa kawaida hulazwa kisizidi pembe ya nyuzi 45, na vingi vina alama au kipimo cha kiputo pembeni kinachoonyesha kama pembe imefikiwa gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare. Kikiwa wima mno, kichwa huanguka mbele. Kikilazwa kupita mpaka uliowekwa na mtengenezaji, mtoto anaweza kuteleza kuelekea ukingo wa juu wa kiti wakati wa ajali, na kinga yote ikapotea. Watengenezaji wengi huruhusu mtoto mkubwa anayeweza kukaa mwenyewe awekwe wima zaidi, na mauzo hufanyika kwa kutazama umri. Wewe usikubali hesabu ya umri. Binti yako ana miezi tisa, lakini shingo yake inahitaji mlalo wa mtoto mdogo kuliko huo, na ni lazima kiti kipya kiweze kumpa mlalo huo kwa uzito na urefu wake wa sasa. Soma maelekezo ya kiti chenyewe, kwa sababu vipo ambavyo ngazi ya kulazwa zaidi imewekewa kikomo cha kilo.

Naomba pia mwende na gari lenu wenyewe pale mtakapokijaribu. Kiti kikubwa kinachotazama nyuma, kikilazwa inavyotakiwa, hula nafasi ya kiti cha mbele, na wengi hugundua wakiwa nyumbani kwamba dereva hawezi kukaa vizuri, kisha wanakiinua kiti cha mtoto ili wapate nafasi. Kwa mtoto wenu, hilo ndilo jambo hasa ambalo halipaswi kufanyika. Mwekeni ndani, mfungeni mikanda, halafu subirini kwa muda mtazame kichwa kinaelekea wapi anapolegea. Mikanda ya mabegani ianzie usawa wa mabega yake au chini yake kidogo, ikazwe hadi usiweze kufinya mkunjo wa mkanda begani kwa vidole viwili, na asivae nguo nene chini yake, kwani nguo nene hubonyea wakati wa ajali na mikanda ikabaki imelegea. Kama kiti kina kibanio cha kifuani, kikae usawa wa kwapa. Utosi wake ubaki chini ya ukingo wa juu wa kiti kwa angalau sentimita 2.5. Kipimo hiki ndicho kinachokuonyesha kwamba kile cha zamani kinafikia mwisho hata kama kilo zake hazijafika kikomo. Baada ya kukifunga kiti chenyewe, kishike pale mkanda wa gari au ndoano za ISOFIX (vifungio vinavyokiunganisha kiti moja kwa moja na gari) zinapopita ukitikise, na kisicheze zaidi ya sentimita 2.5 upande wowote.

Sasa nije kwenye hoja ya mumeo, ambayo naiheshimu, kwa sababu anayesema hivyo ni baba anayebeba peke yake mzigo wa kuendesha gari bila kumwona mwanawe. Hata hivyo, mtoto akitazama mbele, wakati wa kugongana mwili wake huzuiwa na mikanda huku kichwa kikitupwa mbele, na uzito wote wa kichwa hicho hubebwa na shingo ambayo mifupa yake haijakomaa. Akitazama nyuma, nguvu hiyo husambaa mgongoni, shingoni na kichwani kwa pamoja, kwa sababu vyote vimeegemea ganda la kiti. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama R129 inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15 kwa uchache, na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, kinashauri abaki hivyo kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana, hadi afikie kikomo cha uzito au urefu wa kiti chake. Maelekezo hayo yametolewa kwa watoto wenye misuli ya kawaida. Binti yako, ambaye shingo yake ni dhaifu zaidi, ana sababu kubwa kuliko wao ya kubaki akitazama nyuma, na kumgeuza mbele pia kungemweka wima zaidi, jambo ambalo tumeona kwamba ndilo la kuogopwa.

Tena tujiulize kuona kwenyewe kungemsaidia nini dereva. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, na baba anayekitazama kioo kwa sekunde mbili ili ajue kama macho ya mtoto yamegeuka atakuwa amepita karibu mita 28 bila kutazama barabara. Atakachokiona hataweza kukifanyia chochote kabla hajasimama. Kinachohitajika ni mtu mzima wa pili anayekaa kiti cha nyuma, ubavuni mwa mtoto, anayeona rangi ya midomo, anayesikia pumzi na anayeweza kukiinua kidevu kwa kidole. Wakati huu ambapo bado kinamshika mara kadhaa kwa wiki, mimi ningefanya kila niwezalo ili mtoto asisafiri na dereva peke yake, hata kama ni kuomba ndugu awasindikize au kuhamisha siku ya kliniki. Ikitokea hakuna njia, basi baba aweke kioo kidogo chepesi kwenye egemeo la nyuma kilichofungwa imara, akitumie gari likiwa limesimama, na apange tangu mwanzo mahali salama pa kuegesha kila baada ya muda mfupi. Mashine ndogo ya kupima oksijeni, kama mnayo nyumbani, haiwezi kuchukua nafasi ya mtu huyo, kwa kuwa mtikisiko wa gari huipotosha, na kengele za uongo humtaharukisha dereva.

Mama mkwe wako ana huruma, na ningependa umweleze kwa upole kwamba mikono haina uwezo huo. Gari likisimama ghafla kwa kugonga kitu, mtoto wa kilo 8 anaweza kukuvuta kwa nguvu inayolingana na kilo 150 au zaidi, na hakuna mzazi anayeweza kuushikilia mzigo huo, hata awe amejiandaa. Akiwa amefungwa mkanda mmoja na wewe, mwili wako ndio utakaombana. Mikanda ya kiti haimdhuru mtoto anapokakamaa. Inamzuia asianguke na asijigonge.

Kuhusu ukanda wa paji la uso, sitasita: msiununue, na kama mmeshaununua msiutumie. Kichwa kikifungwa kwenye egemeo huku mwili ukiwa na nafasi ya kusogea, wakati wa ajali shingo huvutwa kati ya sehemu mbili zinazokwenda tofauti, na hata gari likiwa linakwenda salama ukanda huo unaweza kuteleza hadi machoni au shingoni mwa mtoto asiye na nguvu ya kuusukuma. Vivyo hivyo kwa mito na vitambaa vinene vinavyouzwa kando, ambavyo havikujaribiwa pamoja na kiti chenu. Tumieni mto wa ndani uliokuja na kiti kwa kilo zilizotajwa kwenye maelekezo tu. Kama kichwa bado kinalalia upande, nepi mbili za kitambaa zilizoviringishwa zinaweza kuwekwa kila upande wa kichwa na mabega baada ya mikanda kukazwa, na kama anateleza kuelekea chini, moja ndogo huwekwa kati ya mapaja na mkanda unaopita katikati ya miguu. Hakuna kinachowekwa nyuma ya mgongo, chini ya makalio, wala kati ya mwili na mikanda. Ikiwa bila msaada zaidi ya huo kidevu bado kinaanguka kifuani, basi kiti hicho hakimfai, hata kama kinasifiwa sana.

Hapo ndipo hospitali inapoingia, na sehemu hii familia nyingi hazielezwi. Kipo kipimo ambacho hufanywa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati na wengine wenye misuli milegevu: mtoto hufungwa katika kiti chake mwenyewe, kwenye mlalo atakaosafiri nao, huku mapigo ya moyo, upumuaji na kiwango cha oksijeni kwenye damu vikipimwa kwa dakika 90 hadi 120, au kwa muda wote wa safari yao ya kawaida kama ni mrefu zaidi. Mwombe daktari wake akupe maoni yake kama binti yako anahitaji kipimo hicho, hasa kwa kuwa umesema midomo yake hubadilika rangi, na uulize pia kama yupo mtaalamu wa viungo anayeweza kutazama mkao wake ndani ya kiti. Wachache ambao hupungukiwa na oksijeni wakiwa wamekaa huhitaji kitanda cha gari, ambacho mtoto hulazwa ndani yake na kufungwa, lakini hicho huchaguliwa kwa ushauri wa daktari na wala si cha kununuliwa kwa kubahatisha. Viti vinavyotangazwa kuwa vya mahitaji maalumu, kwa sehemu kubwa, vimetengenezwa kwa watoto waliokua kuliko binti yako, kwa hiyo msijilaumu kama hamna uwezo wa kuvipata.

Kiti cha wifi yako kinaweza kukubaliwa endapo yeye mwenyewe anajua historia yake yote na anathibitisha kwamba hakijawahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali, tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita, hakikutangazwa na mtengenezaji kuwa kina kasoro, na maelekezo yake yanapatikana. Likikosekana mojawapo, mshukuruni mkiache. Hata likitimia lote, bado kinapaswa kuwa na mlalo niliouelezea.

Mengine ni madogo ila yatawasaidia. Kwa kuwa mtoto hutokwa na mate au kutapika baada ya kifafa, tafuteni kitambaa cha kiti kinachovulika na kufulika bila kufungua mikanda yote. Kiti kinachozunguka kuelekea mlangoni hurahisisha kumtoa haraka, na mimi nakipenda kwa mtoto wa aina hii, mradi kiwe na mlalo wa kutosha na kifungwe kikitazama nyuma kabla gari halijaondoka. Kila anayemsafirisha ajifunze kufungua kifungo cha mikanda hadi mkono uzoee. Kiti kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Safarini simameni na kumtoa kitini mara kwa mara, msimwache humo kwa zaidi ya saa mbili mfululizo, na mkifika asiendelee kulala ndani yake, hata kama inaonekana huruma kumwamsha. Saa ya dawa isirukwe kwa sababu ya safari, maana dozi iliyokosekana na usingizi uliokatwa ni miongoni mwa mambo yanayokiita kifafa.

Kikimshika njiani, dereva awashe taa za tahadhari na aegeshe mahali salama bila kukimbilia. Aliye karibu na mtoto aangalie saa, akiinue kidevu taratibu, asimtie chochote mdomoni na asijaribu kuuzuia mwili usikakamae. Kama anapumua vizuri, anaweza kubaki amefungwa hadi kipite. Kama anatapika, anapumua kwa shida au midomo inabadilika rangi, mara gari linaposimama atolewe na alazwe kwa ubavu mahali tambarare. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, hiyo ni dharura: mpeni dawa ya kukatiza kama daktari alivyowaelekeza, na mtafute huduma ya haraka. Akiacha kupumua, msisubiri dakika hizo. Baada ya kifafa kupita, msiondoke kabla hamjaona kwamba pumzi imetulia na kichwa kimekaa sawa, na kuanzia hapo mtu mzima akae ubavuni mwake, kwa sababu kipindi cha usingizi mzito ndicho kinachoanza.

Siku ya kliniki ijayo, nendeni wote wawili mkiwa na kiti chenyewe, na mumeo ndiye aulize maswali haya matatu kwa daktari: kama mtoto anahitaji kupimwa oksijeni akiwa kitini, ni dawa gani ya kukatiza kifafa wanayopaswa kubeba garini na kwa kipimo gani, na kama kwa hali yake ya sasa anaweza kusafiri na mtu mmoja tu.

Wako,
Mshauri